Frederick Jackson, Gavana Aliyependa Ndege

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii ndiyo iliyonijia akilini pale mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotupa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Wenzangu walimkimbilia Mekatilili wa Menza, wengine Mbaruk bin Rashid, na wale wapenzi wa mashairi wakamng'ang'ania Muyaka bin Haji. Mimi nikachagua Mzungu. Tena si Mzungu hivi hivi, bali mkoloni hasa, gavana mzima! Darasa zima lilinicheka. Mmoja aliniuliza kwani nimekosa watu. Nakuomba msomaji usinihukumu kabla ya kunisikiliza.

Kisa chenyewe kilianza kwa matembezi. Sisi wakaazi wa Changamwe twajulikana kwa malori, matangi ya mafuta na moshi. Lakini ukiteremka hadi upande wa hori la Port Reitz, nyuma ya nyumba za mwisho kabisa, utakuta mikoko na tope pana wakati maji yametoka. Siku moja nilishuka huko na babu yangu, ambaye ujanani alikuwa mvuvi. Tulikaa juu ya gogo tukitazama tope. Babu akaanza kuwataja ndege mmoja mmoja kama mtu anayewataja majirani wa mtaani: yule pale yangeyange, wale wadogo wanaokimbia ni vitwitwi, yule mwenye mdomo uliopinda ni sululu, na huyo aliyetua kwenye kigingi ni mdiria. Kisha akaniuliza mimi namjua nani pale. Wallahi, niliona haya. Nilimjua kunguru peke yake.

Jumatatu yake nilikwenda maktaba ya shule nikaomba kitabu cha ndege. Nilipewa kimoja kikuukuu cha Kiingereza. Nilipofungua, nilishangaa kuona kwamba ndege wengi wa nchi yetu wana majina ya watu. Kuna ndege wa Fischer, wa Hildebrandt, wa von der Decken. Na jina la Jackson likanitokea tena na tena: hondohondo wa Jackson, kwale wa Jackson, na yule ndege mweusi wa nyasi za bara, mwenye mkia mrefu, ambaye dume lake hurukaruka juu likimtafuta mke. Hata kinyonga wa pembe tatu naye ni wa Jackson! Nikajiuliza, huyu Jackson ni nani hata viumbe vyetu vikawa vyake?

Basi nikaanza kumtafuta.

Frederick John Jackson alizaliwa tarehe 17 Februari 1860 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma katika shule ya Shrewsbury, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Elimu aliipata, lakini moyo wake ulikuwa maporini. Mwaka 1884, akiwa kijana wa miaka 24, alikuja pwani yetu. Hakuja kama mtumishi wa serikali, la hasha. Alikuja kuwinda. Alifikia Lamu, ambako makamu wa balozi wa Uingereza alikuwa J. G. Haggard, ndugu yake yule mwandishi wa hadithi Rider Haggard. Baadaye akafika hata sehemu za Kilimanjaro.

Wawindaji wa siku hizo walitaka pembe za ndovu na vichwa vya nyati vya kutundika ukutani. Jackson naye aliwinda hao. Lakini tofauti yake ni kwamba macho yake yaliteremka pia kwa viumbe vidogo ambavyo wenzake walivikanyaga bila kuviona: ndege wa vichakani na vipepeo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana nisipolieleza nitakuwa nimempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kumpenda ndege enzi hizo kulikuwa ni kumpiga risasi. Mkusanyaji alitumia risasi ndogo sana ili asiharibu manyoya. Kisha ndege alichunwa, ngozi ikapakwa dawa yenye sumu ya arseniki isiliwe na wadudu, ikajazwa pamba na kushonwa. Mguuni ilifungwa karatasi yenye mahali, tarehe, na kama ni dume au jike. Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, ikapakiwa melini hadi London. Huko wataalamu wa makumbusho waliitazama, na wakiona ndege hajaandikwa kitabuni, humpa jina. Ndivyo ndege aliyekuwa na jina lake la Kinandi au la Kiluhya tangu zama alivyokuja kuitwa mpya.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza, ile ya IBEA tunayoisoma katika somo la historia, ilipata hati ya malkia ya kutawala na kufanya biashara huku kwetu. Jackson akaingia kazini. Mwaka 1889 alipewa kuongoza msafara mkubwa kutoka hapa Mombasa kuelekea bara, akiwa na Wazungu wenzake kama Ernest Gedge, pamoja na mamia ya wapagazi. Hawakuwa na reli wala barabara. Walitembea kwa miguu hadi kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, mahali tunapopaita Mumias leo. Walifika mwezi wa Novemba.

Sasa msomaji sikiliza kisa hiki, kwa sababu hapa ndipo tabia ya mtu hujulikana. Kabaka Mwanga wa Buganda alikuwa taabani kwa vita vya kidini, akaomba msaada wa kampuni kwa barua. Lakini Jackson alikuwa ameagizwa na wakubwa wake asiingie Buganda. Basi akaenda zake kaskazini, Mlima Elgon, kuwinda ndovu na, kama kawaida yake, kukusanya ndege. Februari 1890 yeye na Gedge wakafika juu kabisa mlimani. Huku nyuma akatokea Mjerumani Carl Peters. Alipofika Mumias alizikuta barua za Jackson, akazifungua, akazisoma! Aliposoma kwamba Mwanga sasa yuko tayari kukubali masharti, alitimua mbio hadi Buganda akatia saini mkataba kwa niaba ya Wajerumani. Jackson aliporudi kutoka mlimani mwezi wa Machi alikuta mambo yamekwisha haribika. Mshika mbili moja humponyoka.

Hata hivyo mkataba wa Peters haukudumu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikaa Ulaya zikagawana nchi zetu kama watu wanaogawana mkate, na Uganda ikaangukia Waingereza. Mwanga hakuulizwa wala Mumia hakuulizwa. Nao ndege wa Elgon walifika London salama, na mwaka 1891 kadhaa kati yao walitangazwa kuwa wageni kwa sayansi, baadhi kwa jina la Jackson.

Mwaka 1894 aliingia utumishi wa serikali katika Uganda. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza waliasi, na katika mapigano ya ngome ya Luba, Busoga, Jackson alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya. Alipona. Mwaka 1902 alihamishiwa upande wa Kenya, ulioitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki, akiwa naibu wa kamishna, na mwaka 1907 akawa luteni gavana.

Mwaka 1909 una mambo mawili ambayo yalinifanya nisimwache mtu huyu.

La kwanza lilipita hapa hapa petu. Tarehe 21 Aprili mwaka huo, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa. Jackson ndiye aliyekuwa anakaimu ugavana. Kesho yake wakapanda garimoshi, likavuka Makupa na kupita Changamwe kuelekea bara. Mbele ya injini palikuwa pamewekwa kiti, na kwa saa nyingi za mchana Roosevelt alikaa pale kutazama wanyama na ndege, mara nyingi akiwa na Jackson. Watu wazima hao wawili, mmoja ametawala taifa kubwa na mwengine anatawala watu wasiomchagua, walikuwa wote wapenzi wa ndege tangu utotoni. Njiani hondohondo mmoja aliyekuwa akila relini alichelewa kuruka hata nusura wamdake kwa mikono! Tangu nisome hayo, kila nikisikia honi ya gari la mizigo hapo Changamwe huwakumbuka.

La pili ni kwamba mwaka huo huo Jackson na wenzake walianzisha chama cha wapenzi wa viumbe asilia wa Afrika Mashariki. Mwaka 1910 chama hicho kilifungua makumbusho madogo Nairobi, ambayo ndiyo asili ya Makumbusho ya Taifa tuliyo nayo. Chama chenyewe kiko hai hadi leo, kwa jina la Nature Kenya, na siku hizi kina Waafrika wengi, wakitembea na darubini badala ya bunduki.

Mwaka 1911 alifanywa gavana wa Uganda. Alipostaafu alishika kazi moja tu: kuandika kila alichokijua juu ya ndege wa Kenya na Uganda. Hakuimaliza. Alifariki tarehe 3 Februari 1929 huko Beaulieu-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Mtaalamu W. L. Sclater aliyachukua maandishi yake akayakamilisha, na mwaka 1938 kitabu kikatoka, majuzuu matatu mazito. Mwenyewe hakukiona.

Sasa niseme nini juu ya mtu huyu? Siwezi kusema alikuwa rafiki yetu. Alikuwa tarishi wa kampuni iliyokuja kuchukua nchi, kisha akawa mtawala. Wapagazi waliobeba ndege wake, na wanakijiji waliomwonyesha kichaka gani ndege gani hulala, majina yao hayako juu ya manyoya yoyote. Hilo ni deni, nalo halijalipwa. Lakini pia siwezi kuikataa haki yake. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuchoka kuangalia na kuandika. Laiti asingeandika, tusingejua leo nani alikuwapo na nani ametoweka.

Chukua mfano wa kunguru, yule jirani yangu wa pekee. Kumbe huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu! Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, na Mombasa alionekana miaka ya 1940. Jackson alipopita hapa hakumkuta. Leo amejaa kila jaa la taka, anakula mayai na makinda ya wengine, na mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kumpunguza kwa sumu. Yaani ndege mmoja niliyejivunia kumjua ndiye mgeni anayewamaliza wenyeji.

Ndiyo maana nimenunua daftari. Kila Jumamosi nashuka horini na babu. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, haoni tena mbali. Basi mimi ndiye macho: namweleza ukubwa, rangi, mdomo ulivyo, anakimbia au anarukaruka. Yeye hunisikiliza, mara nyingine huniuliza sauti yake, kisha hunipa jina. Nayaandika yote pamoja na tarehe, kama alivyofanya Jackson, ila sina bunduki na jina silibadilishi. Mpaka sasa nimefika ndege 31. Wawili kati yao babu amenipa majina ambayo sijayaona katika kamusi ya maktaba, na wengine watatu amekaa kimya muda mrefu akasema alikuwa analijua jina lakini limempotea.

Hao watatu ndio wanaoninyima usingizi. Kwa hiyo enyi wenzangu wa Likoni, Kisauni na Jomvu, hebu waulizeni babu na bibi zenu likizo hii. Ndege wa kwanza ni mdogo kama shomoro, kijivu mgongoni, mweupe tumboni, hukimbia ukingoni mwa maji akitikisa mkia. Hao wawili wengine nimewachora kwenye ubao wa chama. Mwenye kulijua jina aje aliandike chini ya picha.