Caspar Wolf, Mchoraji wa Milima ya Alps

Mara nyingi twasoma habari za wafalme na majemadari. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye silaha yake ilikuwa brashi tu.

Caspar Wolf alizaliwa mwaka wa 1735 katika kijiji cha Muri, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa seremala. Kijana huyu alijifunza uchoraji mjini Konstanz, na tangu 1769 hata 1771 alikaa Paris kuongeza ujuzi wake.

Aliporudi kwao, mchapishaji wa vitabu wa mji wa Bern, jina lake Abraham Wagner, alimpa kazi kubwa: kuchora milima ya Alps katika picha zipatazo 200. Siku zile watu wengi waliiogopa milima ile, na wachoraji waliofika juu walikuwa wachache mno. Wolf alipanda pamoja na Wagner na Mchungaji Wyttenbach, mjuzi wa mimea na mawe. Alivumilia baridi, akachora mapango, maporomoko ya maji na barafu kuu, kisha akazimaliza picha zake nyumbani. Wagner hakutaka urembo wa uongo. Alitaka picha zifanane na milima yenyewe.

Lakini kazi ile haikumletea Wolf mali. Wanunuzi walikuwa haba, naye akafa maskini mjini Heidelberg mwaka wa 1783. Jina lake likasahauliwa kwa muda mrefu, mpaka karne ya 20 ndipo watu walipoanza kumtafuta tena.

Picha zake zina faida gani leo? Mwaka wa 1778 Wolf alichora barafu ya mto Rhone ikiwa imeshuka hata chini bondeni, penye mahali paitwapo Gletsch. Leo msafiri akisimama bondeni pale huona mawe na majani. Barafu imerudi juu sana mlimani kwa sababu ya joto kuongezeka. Hapakuwa na kamera siku zile. Basi wataalamu wanaopima barafu huzitazama picha za Wolf kama shahidi.

Wenzangu, barafu ya Ruwenzori na ya Kilimanjaro nayo imepungua sana. Wolf hakujua kwamba anaandika historia. Alichora kwa uaminifu kile alichokiona. Nasi tukipewa kazi, hata isiyo na sifa wala faida, tuifanye kwa kweli, maana hatujui ni nani atakayeihitaji kesho.