Samori Touré: Almami aliyejaza upya maganda ya risasi kulinda dola yake

WATAWALA wengi wa Afrika waliopambana na wakoloni katika karne ya 19 walinunua bunduki pwani na kuzitumia hadi risasi zilipowaishia. Samori Touré, aliyewasumbua Wafaransa Afrika Magharibi kwa miaka 16, alikwenda hatua moja mbele. Aliwaweka wahunzi wake kazini kuunda bunduki, na kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa.

Samori alizaliwa mwaka wa 1830 hivi katika kijiji cha Miniambaladougou, ambacho leo kimo nchini Guinea. Alianza maisha akiwa mchuuzi. Mnamo 1853 mamaye, Sokhona Camara, alitekwa vitani na ukoo wa Cissé. Ili mama akombolewe, kijana huyo alijitoa kuwatumikia watekaji kama askari. Masimulizi ya kwao husema alikaa huko miaka 7, miezi 7 na siku 7. Alitoka akiwa na mamaye, na akiwa bingwa wa kutumia silaha.

Baadaye alikusanya jeshi lake mwenyewe, akaunganisha miji na koo zilizokuwa zikizozana, na kufanya Bissandougou kuwa makao yake makuu. Mwaka wa 1884 alitwaa cheo cha Almami, yaani kiongozi wa Waislamu. Askari wake waliitwa sofa.

Wakati huo tayari alikuwa amekwaruzana na Wafaransa, mnamo 1882. Tangu hapo alijua kwamba magobori hayangetosha. Kwa dhahabu na pembe za ndovu alinunua bunduki za kisasa kupitia Freetown, koloni ya Waingereza. Farasi aliwapata kaskazini kwa kutoa mateka, doa ambalo historia haiwezi kulifuta. Inakadiriwa kuwa kufikia 1893 alikuwa na bunduki za kisasa zipatazo 6,000.

Lakini bunduki hizo zilimletea tatizo jipya. Gobori hulishwa baruti na gololi kupitia mdomoni. Bunduki ya Gras ya Wafaransa, ambayo wahunzi wa Samori waliiga, hula risasi iliyokamilika: ganda la shaba ya manjano lenye fataki kitakoni, baruti tumboni na risasi mdomoni. Bila ganda, bunduki hiyo ni rungu tu.

Ganda linaweza kutumika tena, ila kazi yake ni ya subira. Linapofyatuliwa hutanuka kwa joto na msukumo hadi likabana kuta za chemba. Kisha husinyaa kidogo, lakini halirudii kipimo chake cha kwanza. Fundi yeyote wa kazi hii hana budi kulisafisha masizi na mchanga, kuondoa fataki iliyokufa na kulikagua iwapo lina ufa. Halafu hulisukuma ndani ya kalibu ili libanwe lirudi kipimo chake. Hapo ndipo penye mtego. Mafuta ya kulilainisha yakiwa haba, ganda hunasa ndani ya kalibu. Yakizidi, huliachia vibonyeo. Tena kila likibanwa na kufyatuliwa shaba huzidi kuwa ngumu, na mwishowe shingo hupasuka.

Makosa ya karakana hulipwa vitani. Ganda lisilobanwa sawasawa hukataa kuingia, au huingia likakwama. Ndoana ya kulivutia nje hung'oa ukingo wa kitako, ganda likabaki ndani, naye askari akabaki ameshika bunduki bubu huku adui akimkaribia.

Haja ya ufundi huo iliongezeka mlango wa silaha ulipofungwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwakataza wafanyabiashara kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa. Mnamo 1891 Kanali Louis Archinard aliteka Kankan. Mwaka uliofuata Wafaransa waliingia Bissandougou, na mnamo 1893 wakamkatia Samori njia ya kwenda Freetown.

Tangu hapo alitegemea zaidi karakana zake. Makadirio yanataja wahunzi kati ya 300 na 400, waliotoa bunduki 12 kwa wiki na risasi kati ya 200 na 300 kwa siku. Kwa mafundi waliotumia nyundo, tupa na moto wa makaa, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini hebu tupige hesabu. Risasi 300 zikigawiwa bunduki 6,000, kila bunduki hupata risasi moja baada ya siku 20. Zaidi ya hayo, baruti yao ilikuwa dhaifu kuliko ile ya viwanda vya Ulaya.

Samori alihamishia dola yake mashariki, sehemu ambayo sasa ni kaskazini mwa Côte d'Ivoire, akichoma vijiji na mashamba nyuma yake ili Wafaransa wasipate chakula. Mnamo 1894 alimuua mwanawe Karamoko, ambaye alikuwa amezuru Ufaransa mwaka wa 1886, akaona nguvu zake, na baadaye akapendelea amani. Mnamo 1897 aliuharibu mji wa Kong, uliosifika kwa elimu na biashara. Raia waliteseka sana.

Njaa ilipowaandama watu wake, alikamatwa na kikosi cha Kapteni Henri Gouraud huko Guélémou, Septemba 29, 1898. Alipelekwa uhamishoni Gabon, ambako alifariki Juni 2, 1900. Masalia yake yalirejeshwa Guinea mwaka wa 1968, na kaburi lake liko Conakry.

Wahunzi wake walithibitisha kwamba Mwafrika aliweza kuitengeneza silaha ya mkoloni. Walichokosa si akili wala bidii, bali kiwanda cha kuilisha silaha hiyo kila siku.