MCHUNGAJI FRIEDRICH VON BODELSCHWINGH (1831–1910)
Baba wa Wagonjwa wa Bethel

Historia ya Kanisa la Kilutheri katika milima ya Usambara na katika nchi za Bukoba na Karagwe haiwezi kuandikwa pasipo kulitaja jina la Bethel. Wazee wetu walilisikia jina hilo kwa wamisionari wa kwanza, wakalipokea pamoja na Injili, shule na dawa. Lakini wengi wanaolitaja leo hawamfahamu sana mtu aliyeifanya Bethel kuwa Bethel. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Hata hivyo, mawazo yake juu ya mgonjwa, juu ya kazi, na juu ya wajibu wa Kanisa kwa wale wasiotakiwa na watu, yalivuka bahari na kuacha alama ambayo ipo hata sasa.

KUZALIWA NA MALEZI

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika jimbo la Westfalen nchini Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa kiungwana. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, alikuwa Waziri wa Fedha wa Ufalme wa Prussia, kisha akawa Waziri wa Mambo ya Ndani hadi mapinduzi ya mwaka 1848 yalipomwondoa madarakani. Kwa sababu hiyo sehemu ya utoto wake Friedrich aliiishi mjini Berlin, akicheza pamoja na mwana wa mfalme ambaye baadaye alitawala kwa jina la Kaiser Friedrich III. Urafiki huo wa utotoni ulimfaa baadaye, si kwa kujipatia cheo, bali kwa kuwaombea maskini msaada katika nyumba za wakuu.

Kijana huyo hakukusudia kuwa mchungaji. Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz, katika jimbo la Pommern. Huko aliiona kwa karibu hali ya vibarua: ujira mdogo, ulevi, na watoto wasiopata malezi. Alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto vijitabu vya Kikristo. Kimojawapo kilikuwa na habari za mtoto maskini wa Kichina, na alipokisoma yeye mwenyewe, aliguswa moyo akaamua kuwa mmisionari. Tangu mwaka 1854 alisoma theolojia huko Basel, Erlangen na Berlin.

KATIKA VICHOCHORO VYA PARIS

Nia yake ilikuwa kwenda nchi za mbali, lakini Mungu alimfungulia mlango mwingine. Mwaka 1858 alitumwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kuwahudumia Wajerumani waliohamia huko kutafuta riziki. Wengi wao walitoka Hessen. Walifagia barabara na kuokota matambara, wakiishi katika vyumba vilivyosongamana vya vitongoji vya pembezoni. Mchungaji kijana alianza na watoto wachache, akawakusanya na kuwafundisha. Baadaye yakajengwa shule na kanisa juu ya kilima katika mtaa wa La Villette.

Miaka sita ya Paris ilimfundisha jambo ambalo chuo cha theolojia hakikumfundisha. Aliona kwamba ugonjwa, uchafu, ukosefu wa nyumba na ukosefu wa kazi ni kamba moja iliyosokotwa, wala mtu hawezi kuufungua uzi mmoja na kuiacha mingine. Tangu hapo hakuhubiri kwa mwenye njaa pasipo kuuliza habari za chakula chake.

MSIBA WA DELLWIG

Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake. Mwaka 1864 walirudi Ujerumani, naye akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig, usharika wa mashambani. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mwezi wa Januari 1869 ugonjwa wa kifaduro uliingia katika nyumba ya mchungaji. Katika muda wa majuma mawili hivi watoto wote wanne walifariki, mmoja baada ya mwingine.

Wakati ule hapakuwa na chanjo ya kifaduro wala dawa ya kukizuia, na makaburi ya watoto yalikuwa jambo la kawaida katika kila usharika. Lakini hakuna mzazi anayefarijiwa na kawaida. Bodelschwingh hakuficha kwamba aliuona mkono wa Mungu kuwa mzito juu yake. Alishuhudia baadaye kwamba ni kwa msiba ule alijifunza kuwahurumia wengine. Mungu aliwapa yeye na mkewe watoto wengine wanne, lakini wale wa kwanza hawakusahauliwa kamwe. Waliomjua walisema kwamba huruma yake kwa wagonjwa ilikuwa huruma ya mtu aliyekesha kando ya kitanda cha mwanawe.

KUITWA BETHEL

Mwaka 1867 Wakristo wa Westfalen na Rheinland walikuwa wameanzisha kituo kidogo cha wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Mwaka 1869 ikafunguliwa huko nyumba ya masista wa kishemasi, iliyopewa jina la Sarepta kwa ukumbusho wa mjane aliyemlisha nabii Eliya. Mwezi wa Januari 1872 Bodelschwingh aliitwa kuviongoza vyote viwili. Alikaa huko miaka thelathini na minane, hadi kufa kwake.

Ili kuielewa kazi hiyo yafaa kukumbuka hali ya mwenye kifafa katika karne ile. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Lakini huko Ulaya, kama ilivyokuwa na bado ilivyo katika vijiji vingi vya kwetu, watu waliuogopa wakidhani ni laana au pepo. Mtoto aliyeanguka kifafa alitolewa shuleni, kijana hakupata kazi, na binti hakuolewa. Dawa pekee iliyosaidia kwa kiasi ilikuwa chumvi ya bromidi, iliyoanza kutumika mwaka 1857, nayo ilimfanya mgonjwa kuwa mzito na mwenye usingizi. Dawa ya fenobabito, ambayo hata leo huwasaidia wengi katika zahanati zetu, ilianza kutumika mwaka 1912, baada ya Bodelschwingh kufariki.

Hivyo mchungaji alipewa watu ambao wengi wao asingeweza kuwaponya. Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa hili: mtu asiyeweza kupona ana thamani gani, na atafanyiwa nini? Jibu lake lilikuwa mji mzima. Hakujenga hospitali moja kubwa yenye kuta ndefu. Alijenga nyumba nyingi, kila moja na baba na mama wa nyumba, ili wagonjwa waishi kama jamaa. Kila aliyeweza kufanya kazi alipewa kazi: katika bustani, katika tanuri la mikate, kwa seremala, kwa mhunzi au mahali pa kufyatulia matofali. Aliyeweza kumenya viazi tu alimenya viazi, na kazi yake ilihesabiwa kuwa kazi. Mwaka 1884 kanisa la Sayuni liliwekwa wakfu katikati ya mji huo, na mgonjwa aliyeanguka wakati wa ibada hakufukuzwa. Jirani alimsaidia, na ibada ikaendelea.

Kwa ajili ya gharama, Bodelschwingh aligeuka kuwa mwombaji hodari. Hakuona haya kumwandikia mfalme wala mjane. Mwaka 1890 alianzisha ukusanyaji wa vitu vilivyotupwa, kama nguo kuukuu na vyombo vibovu, ambavyo wagonjwa walivitengeneza vikauzwa tena. Mfano wake ulikuwa vile vipande vilivyokusanywa baada ya Bwana kuwalisha watu elfu tano.

KULEA WATUMISHI

Mji wa namna hiyo haungesimama bila watumishi waliofundishwa. Masista wa Sarepta waliongezeka, hata Sarepta ikawa mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za masista wa kishemasi Ujerumani. Mwaka 1877 ikaanzishwa Nazareth, nyumba ya ndugu mashemasi. Hawa hawakubaki Bethel tu. Walitumwa katika sharika na hospitali za mbali. Katika sharika hizo sista alimtembelea mzazi aliyejifungua, akafunga vidonda, na kuwafundisha akina mama usafi na chakula cha mtoto. Kwa mabinti wengi wa vijijini hiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kupata elimu, ujuzi na heshima nje ya nyumba ya baba au ya mume. Uuguzi, uliodharauliwa hapo awali kuwa kazi ya watu wasio na mahali pengine, ukawa wito.

Pamoja na hayo aliwakumbuka wasio na makazi. Baada ya anguko la uchumi la mwaka 1873 barabara za Ujerumani zilijaa watu waliotangatanga wakitafuta kazi. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, kijiji cha kazi ambapo mtu alipata chakula na malazi kwa jasho lake badala ya sadaka ya mlangoni. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwawezesha wafanyakazi kumiliki nyumba ndogo zenye bustani, kwa kuwa alijua kwamba chumba kilichosongamana huzaa maradhi. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, alichaguliwa kuwa mbunge wa Prussia, na mwaka 1907 sheria ya vituo vya wafanyakazi wanaotangatanga ilipitishwa. Mwaka 1905 alifungua shule ya theolojia huko Bethel, ili wachungaji wa baadaye wasomee karibu na vitanda vya wagonjwa.

Si wote waliomsifu. Madaktari wa magonjwa ya akili walilalamika kwamba wachungaji walitaka kuongoza mambo yaliyo ya tiba. Lalamiko hilo lilikuwa na haki yake, kwa maana sala haichukui nafasi ya dawa, kama vile dawa isivyochukua nafasi ya sala. Aidha, nidhamu ya vijiji vya kazi ilikuwa kali, na wengine waliiona nzito. Bodelschwingh alikuwa mtu wa nyakati zake, mtiifu kwa mfalme, na mgumu kugeuzwa alipokwisha kuamua.

BETHEL NA NCHI YETU

Mwaka 1886 iliundwa huko Berlin misioni ya kiinjili kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwanzo wake ulichanganyika mno na tamaa ya ukoloni, nayo ilidhoofika upesi. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliingia katika uongozi wake, akaipa watumishi na kuirudisha kwenye kazi ya Injili na huruma. Mwaka 1891 wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, Usambara. Mwaka 1896 kituo cha Lutindi kilifunguliwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Kabla Bodelschwingh hajafariki, Lutindi ilikuwa imekwisha kuanza kuwapokea wagonjwa wa akili, wakitunzwa kwa desturi ya Bethel: kuishi pamoja, kusali pamoja, na kufanya kazi shambani. Mwaka 1907 misioni hiyo ilifika Rwanda, na mwaka 1910 Bukoba.

Mbegu ya shule ile ya theolojia nayo ilizaa matunda. Miongoni mwa waliosoma Bethel ni Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

KIFO CHAKE NA JARIBU LILILOFUATA

Mchungaji Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Mwanawe mdogo, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, alishika uongozi. Ni katika siku za mwana huyo kwamba swali la baba lilirudi kwa ukatili. Serikali ya Hitler iliwahesabu wagonjwa wasiopona kuwa mzigo, na kati ya mwaka 1940 na 1941 zaidi ya watu 70,000 waliuawa katika mpango huo. Bodelschwingh mwana alikataa kujaza karatasi za kuwaorodhesha wagonjwa wake, akawasihi wakuu waache mauaji, na wengi wa Bethel waliokoka. Lakini ukweli wote usemwe: kabla ya hapo Bethel ilikubali sheria ya kuwahasi wagonjwa, na mwaka 1940 wagonjwa wa Kiyahudi walichukuliwa kutoka Bethel wakauawa. Hata nyumba iliyojengwa juu ya huruma yaweza kutikisika, isipokesha.

URITHI WAKE

Usharika unapohesabu miaka mia moja, huhesabu pia wale waliobaki nje ya mlango wake. Hadi leo wako katika vijiji vyetu watoto wenye kifafa wanaofichwa nyuma ya nyumba, na watu wazima wenye makovu ya moto kwa sababu walipoanguka jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa. Dawa ipo, na kwa wagonjwa walio wengi huzuia degedege ikinywewa kila siku bila kukatizwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfikia mgonjwa, kumwondolea hofu, na kuhakikisha kwamba hakosi kwenda kliniki.

Ndiyo maana muuguzi, mkunga, mhudumu wa afya wa kijiji na shemasi wanasimama katika mstari ule ule ulioanzia Sarepta na Nazareth. Kijana wa usharika anayechagua kazi hiyo hachagui kazi ndogo. Mchungaji Bodelschwingh aliwazika watoto wanne katika mwezi mmoja, akatumia maisha yake yote yaliyobaki kuwatunza watoto wa wengine. Mungu alimpokea mtumishi wake, na kazi aliyoiacha bado inahitaji mikono.