Al-Khalil bin Ahmad, Bingwa wa Vipimo

Mimi leo nawasimulia maisha ya Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi. Najua mtauliza, mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1200 iliyopita atuhusu nini sisi wa Msambweni? Ngojeni kidogo.

Alizaliwa Omani yapata mwaka 718, akakaa Basra, nchini Iraki, akisoma na kusomesha mpaka mwisho wa maisha yake. Sibawayhi, yule bingwa wa sarufi ya Kiarabu, alikuwa mwanafunzi wake.

Zamani hizo washairi wa Kiarabu walitunga kwa kusikiliza tu. Mwenye sikio alijua shairi limevunjika wapi, asiye nalo basi tena. Al-Khalil akachukua herufi tatu, fe, ain na lamu, akaunda vipimo kama fa'ulun na mafa'ilun. Herufi hizo pale hazina maana, ni nafasi za kujazwa tu. Ukiulaza mshororo juu ya kipimo, waona kama unaingia au hauingii. Hivyo alipanga bahari 15, ya 16 ikaongezwa baadaye. Neno bahari tunalolitumia darasani latoka huko, ingawa sisi twahesabu silabi.

Wanasarufi nao hupima maneno kwa herufi zizo hizo. Tazameni: katibu na hakimu asili yake ni kipimo cha fa'il, yaani mtendaji. Maktaba na mahakama ni maf'ala, yaani mahali. Ukikijua kipimo, waweza kukisia hata neno geni.

Sasa hapo ndipo kompyuta inapoingia. Wanaobuni lugha za programu wana kazi iyo hiyo: kutafuta alama chache za kuandikia umbo lenye nafasi tupu, ili mashine itambue kinacholingana nalo. Alama zikizidi, mtu hasomi. Zikipungua, mashine haitofautishi. Al-Khalil alitosheka na herufi chache!

Kwangu hili si jambo dogo. Nikimaliza shule nataka kusomea kompyuta, na wapo wanaoniambia niache mashairi, eti yanipotezea wakati. Mimi siachi. Na wewe mwenzangu unayeogopa hesabu lakini wajua kupima mizani, kazi hiyo umeshaianza. Karibu chamani.