Askofu Lucas na Shule ya Jando

Ndugu Wakristo, kwa kuwa hapa kwetu Nyanungu habari ya tohara ni kubwa, yafaa tukumbuke maisha ya Askofu William Vincent Lucas, aliyekutana na jambo kama hili huko Masasi, kusini mwa nchi yetu.

Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883. Mwaka 1909 alijiunga na misheni ya UMCA, akatumwa Masasi. Huko aliwakuta Wayao, Wamakua na Wamakonde wakipeleka wavulana wao jandoni. Walitahiriwa, wakakaa kambini mpaka kupona, wakifundishwa heshima, uvumilivu na wajibu wa mtu mzima. Asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota mvi.

Kanisa likawa katika shida. Likikataza kabisa, vijana waliobatizwa wangekwenda kwa siri, au wangedharauliwa na wenzao wa rika. Likinyamaza, wangeingizwa katika matambiko na nyimbo chafu. Lucas aliona ya kuwa jando ni shule, na ukiifunga lazima ufungue nyingine. Basi, pamoja na Wakristo wenyeji, kabla ya vita ya 1914 alianzisha jando la Kikristo. Tohara na kambi vilibaki. Matambiko yaliondolewa, na sala zikashika mahali pake.

Mwaka 1926 alifanywa Askofu wa kwanza wa Masasi, akatumika mpaka 1944. Alifariki mwaka 1945. Wapo waliomlaumu kwamba aliingiza mila kanisani, na kwa upande wa wasichana kazi yake ilikuwa ngumu zaidi.

Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto hajifunzi utu ubaoni tu. Hujifunza kwa kuishi na wenzake na kwa kuwatazama wakubwa. Ndiyo maana mfano wa Lucas watuhusu, ila tuutumie kwa akili. Yeye aliweza kuiacha tohara ya wavulana. Sisi hatuwezi kuacha ukeketaji wa mabinti uendelee, kwani unawadhuru, na kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998.

Lakini tukikiondoa kisu, nani atamfundisha binti habari za mwili wake, kazi, heshima na ndoa? Akina mama na wazee wa kanisa, kazi hiyo ni yetu. Tukae tuipange kabla ya msimu wa tohara kufika.