Tezuka: Roboti wake alilishwa na vitu vya kuchezea

Mchoraji vibonzo maarufu wa Japani, Osamu Tezuka, aliyezaliwa Novemba 3, 1928, alisomea udaktari lakini akachagua kalamu. Januari 1, 1963, roboti wake mtoto, Atomu, alianza kuonekana katika mfululizo wa katuni kwenye televisheni ya nchi hiyo.

Ili kuipata nafasi hiyo, Tezuka aliuza kila kipindi kwa bei isiyofikia gharama za kukitengeneza. Pengo lilizibwa na malipo ya waliotumia sura ya Atomu kwenye vitu vya kuchezea na peremende.

Hata hivyo, Mushi Production, kampuni aliyoianzisha, ilifilisika mwaka 1973. Tezuka alifariki dunia Februari 9, 1989 kwa saratani ya tumbo. Watoto wa enzi zile, ambao sasa ni wazee, bado wanamtafuta Atomu wao wa bati.