Chernov, muzee aliyesoma chuma kwa rangi

Ndugu wachimbaji, rulema ya mashini ikivunjika tunasema tu: chuma kibaya. Mara mingi chuma ni kizuri, ni moto uliokiharibu. Aliyeeleza vizuri jambo hili ni Murusi mumoja, Dmitri Chernov.

Alizaliwa Saint-Pétersbourg mwaka 1839, baba yake alikuwa muganga musaidizi. Mwaka 1866 akaingia kiwanda cha Obukhov, pale walitengeneza mizinga ya jeshi. Shida ilikuwa hii: mizinga miwili ya chuma cha namna moja, mumoja unadumu, mwingine unapasuka siku ya kujaribiwa.

Chernov hakukaa ofisini. Alisimama karibu na nyundo kubwa, akaangalia rangi ya chuma ndani ya moto. Kipimo chake kilikuwa paka macho. Akatazama na vipande vya mizinga iliyopasuka: chembe zake kubwa. Ile iliyodumu, chembe ndogo ndogo.

Mwaka 1868 akawaeleza wahandisi wenzake. Chuma kisipofika ile rangi nyekundu yenye giza, hata ukikizamisha haraka namna gani ndani ya maji, hakitakuwa kigumu. Kikipanda kufika mahali pa pili, chembe zinakuwa ndogo. Kikipita sana pale, zinakuwa kubwa tena, kinavunjika bure.

Rulema zetu zinafuata sheria ile ile. Chuma chake, chenye kaboni karibu 1% na kromu karibu 1,5%, kinapashwa kufika 840°C hivi, kinazamishwa ndani ya mafuta, kiisha kinapashwa tena polepole, karibu 150 mpaka 180°C. Ndiyo inafanya uso ukuwe mugumu na kipimo kisigeuke upesi. Sasa mutu akiipasha na shalumo juu iingie kwenye aksi, uso unalegea, unaanza kubanduka maganda, na siku moja mashini inakwama watu wakiwa chini. Hii niliiona. Barua ya kosa ilienda kwa fundi, lakini hakuna aliyemupa chombo cha kupasha ndani ya mafuta.

Mwaka 1880 Chernov alikosana na mukubwa wa kiwanda, akaacha kazi. Akaenda Bakhmut, ndani ya Ukraine ya leo, kutafuta chumvi ya mawe chini ya udongo, na akaipata. Ile miaka alikuwa mutu wa mashimo kama siye. Kuanzia 1889 akafundisha kwenye chuo cha jeshi la mizinga, na nyumbani alitengeneza violini kwa mikono yake. Alikufa Yalta, mwezi wa kwanza 1921.